Kiraka cha Nyuma ya Mlango

Koplo alikuwa ameshachoka na ukuta. Alisimama katikati ya sebule, kofia kwapani, akimtazama Inspekta aliyepiga magoti pembeni akipitisha vidole kwenye nyufa kama mtu aliyeangusha sindano, na hakuona kabisa ukuta na mauaji vinahusiana wapi.

"Afande, saa nane Chapuchapu anapandishwa mahakamani. Mkuu wa kituo anataka jalada kabla hajaenda kula."

"Nimemsikia Mkuu. Ana sauti isiyohitaji simu."

Inspekta hakuinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake kituoni: akishaingia mahali penye maiti, hatoki mpaka akasirishwe na kitu. Leo alikuwa bado hajakasirika. Alikuwa anasumbuka tu.

Kesi yenyewe, kwa wenye haraka, ilikuwa imekwisha. Mzee Mwiko, mwashi mstaafu, alikutwa Ijumaa jioni amelala chali chini ya ngazi, ndani ya sebule yake mwenyewe, alimokuwa akiziba nyufa kabla ya kupaka rangi. Aliyemkuta ni fundi wa rangi, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Mwanzo watu walisema maskini mzee kateleza. Daktari akakataa. Kisogo kimepondwa kwa kitu kigumu, alisema, na ndani ya jeraha mna chembechembe za plasta. Sasa sakafu ilikuwa imetandikwa magunia tabaka juu ya tabaka, hata mtoto mchanga angeangukia pale akaendelea kulala. Kwa hiyo mzee hakuanguka. Mzee aliuawa.

Na nani mwingine? Alhamisi majirani walimsikia Chapuchapu akifokeana na mzee hadi barabarani. Ijumaa shati lake limejaa damu. Juu ya hayo, mke wa marehemu, aliyekuwa kitandani chumba cha pili, alieleza wazi kwamba mtoto wao aliaga na kuondoka mchana, na baada ya hapo alimsikia mumewe akiendelea na kazi ukutani, karibu mpaka fundi wa rangi alipokuja. Yaani mzee alikuwa hai mpaka Chapuchapu alipoingia. Mkuu wa kituo alikuwa hataki kusikia zaidi ya hapo.

Inspekta alisogea kwenye ukuta wa pili. Nyufa zilikuwa kubwa kwelikweli, za kupitisha kidole. Zilianzia kwenye kona za madirisha zikapanda hadi darini. Mzee alikuwa amezifungua zote kwa patasi, akazifagia vumbi, akazijaza. Lakini hakuzijaza zikajaa. Kila ufa plasta ilikuwa imeishia chini kidogo ya uso wa ukuta, na juu yake mzee alikuwa amechora mikwaruzo kwa ncha ya mwiko. Kuta zote zilikuwa hivyo, isipokuwa ule wa upande wa kulia. Ule nyufa zake zilikuwa zimefunguliwa na kuachwa wazi, na mwisho wa kila ufa palikuwa na kistari cha penseli. Nyufa zilikuwa zimekwisha kuvivuka vistari hivyo, nyingine kwa upana wa kiganja.

"Bado tu, afande?"

Mtoto wa marehemu alikuwa mlangoni na kiti mkononi. Mwanamume wa makamo, mpole, mtaa ulimbandika jina la Kontrakta kwa sababu hata akijenga banda la kuku huvaa kofia ngumu ya ujenzi. Alikuwa ameivaa hata sasa.

"Karibu ukae, utaumia magoti."

"Asante, nimeshazoea. Hivi vistari vya penseli ni vya nini?"

"Ni vya baba hivyo. Alikuwa na vituko vyake."

"Na ukuta huu mbona hakuuziba?"

"Sijui, labda hakuufikia. Nyumba kuukuu hii, afande, ikizeeka inapasuka tu."

Kutoka nje, nyuma ya ukuta huohuo wa kulia, sululu ziligonga mawe. Vibarua wa Kontrakta walikuwa wakichimba msingi wa ghorofa lake, ubavuni kabisa mwa nyumba ya baba yake. Vumbi laini lilidondoka kutoka kwenye ufa mmoja likamwagikia mkono wa Inspekta.

"Hamkusimamisha kazi hata kwa msiba?"

"Vibarua nao wana watoto, afande." Alikiweka kiti chini taratibu. "Nikuletee maji?"

"Hapana. Funga mlango tu ukitoka."

Akaufunga. Na mlango ulipofungwa, Inspekta akaona kile ambacho askari sita, daktari na mpiga picha hawakukiona, kwa sababu siku zote walizoingia na kutoka mlango ulikuwa wazi umelala ukutani. Nyuma yake, usawa wa kichwa cha mtu mzima, palikuwa na kiraka cha plasta mpya, cha duara, kikubwa kama sahani ya kulia. Kilikuwa kimelainishwa kikalala sawasawa na ukuta. Hakikuwa na mikwaruzo. Hapakuwa na ufa wowote unaokiingia wala unaotoka. Pembeni pote plasta ilikuwa imekauka ikajikunja, ikaachana na ukuta, na Inspekta alipoigusa kwa kucha ilimeguka.

"Koplo," alisema, "nani fundi wa haraka tunayemjua?"

Koplo alicheka. "Si ndiyo huyo tunaye ndani?"

"Ndiyo huyo. Twende nikamwone kabla hawajamchukua. Na kiraka hiki asikiguse mtu. Weka mgambo hapa mlangoni."

Mahabusu kulikuwa na harufu ya mkojo na dawa ya kusafishia choo, na hakuna iliyoishinda mwenzake. Chapuchapu alikuwa amekaa sakafuni, kifua wazi kwa kuwa shati lake lilikuwa limechukuliwa kwa uchunguzi, rangi nyeupe bado imegandia kwenye nywele. Alipomwona Inspekta aliruka akasimama.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mligombania nini na mzee?"

"Nyufa, afande. Haki ya Mungu, nyufa tu."

"Mtu hapigi kelele zikafika barabarani kwa ajili ya nyufa."

"Wewe hukumjua yule mzee! Alikuwa anaitengeneza sebule ahamishie kitanda cha mama, apate dirisha, aone watu wakipita. Mimi nimekuja na rangi yangu, nina kazi za watu zinaningoja. Nikamwambia, baba, nipige puti ya kuzibia, nisugue msasa, kesho ukuta mweupe pee. Kha! Kanifukuza kama kuku kaingia jikoni. Ati ufa mkubwa haupakwi poda. Kwanza uufungue, ndani uwe mpana kuliko nje, plasta ing'ang'anie. Ufagie vumbi. Uunyweshe maji mpaka ushibe, la sivyo tofali kavu litanyonya maji ya plasta na kiraka kitajikunja kidondoke. Halafu ujaze nusu, uchore mikwaruzo, tabaka la pili lipate pa kushika. Halafu ungoje ikauke, siku na siku. Mimi na kungoja wapi na wapi, afande?"

"Ndiyo maana ukamzibia kimoja mwenyewe, kwa siku moja, ukakilainisha."

"Kipi?"

"Cha nyuma ya mlango."

Chapuchapu alimtazama, akamtazama Koplo, akarudi kwa Inspekta. Uso wake haukuwa na hofu ya mtu aliyeshikwa. Ulikuwa na mshangao wa fundi aliyeambiwa upuuzi.

"Nyuma ya mlango hakuna ufa, afande. Niliukagua ukuta wote kabla sijakubali kazi. Pale plasta imeachana na tofali tu, imevimba, ukiigonga inalia kama debe. Mzee alisema ataibomoa mwishoni. Na puti yangu iko kwake hapohapo, kopo halijafunguliwa. Nendeni mkaangalie."

"Na ukuta wa kulia? Mbona aliuacha wazi?"

"Ule alisema hauzibwi mpaka shimo la Kontrakta lifukiwe. Nyumba bado inatembea, alisema. Alikuwa anaipima kwa penseli. Alhamisi nilipokuwa naondoka kwa hasira akaniambia, njoo kesho jioni, kesho asubuhi nazungumza na mwanangu, akikataa kufukia naenda kumshtaki kwa watu wa mipango miji." Alimeza mate. "Basi mimi nikaja jioni kama alivyosema. Mlango uko wazi, naingia, namkuta vile. Nikamwinua, nikadhani anapumua. Nikapiga ukunga. Muulizeni yule mama muuza mboga ng'ambo, aliingia hata sijafunga mdomo!"

Ukumbini Inspekta alisimama. "Ni kweli hayo ya muuza mboga?"

"Ni kweli, afande," Koplo alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilimwandika mimi mwenyewe. Alimwona Chapuchapu tangu akikata kona na kibuyu chake cha maji ya kunywa. Akaingia, ukunga ukapigwa, yule mama akakimbia. Hatukuona kama ni jambo."

"Kuchanganya plasta, kujaza shimo kubwa vile, na kulilainisha kunachukua muda gani?"

"Zaidi ya muda ule, afande," Koplo alisema. Hapo ndipo Inspekta alipokasirika.

Waliporudi sebuleni aliomba kisu na karatasi nyeupe. Hakuhitaji nguvu. Kiraka kilitoka vipande vipande, kikavu, nyuma yake vumbi tupu ambalo hakuna aliyelifagia na matofali ambayo hayakuonja hata tone la maji. Ulionekana uwazi kama bakuli mahali plasta ya zamani ilipopasukia ndani. Kwenye ukingo wa chini palikuwa na weusi uliokauka. Na katika weusi huo, zimegandia, zilikuwamo nywele chache fupi za mvi.

Koplo alitoa kofia kwapani akaivaa, akaivua tena.

"Alisukumwa," Inspekta alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa, watu wawili wanaongea jambo lisilotakiwa kusikika chumba cha pili. Kisogo kikagonga pabovu, plasta ikabonyea, tofali likampokea. Kisha mtu akamburuta hadi chini ya ngazi, akachukua plasta ya marehemu mwenyewe iliyokuwa kwenye ndoo, akaliziba shimo. Akalilainisha vizuri kabisa, ili lisionekane."

"Lakini mama alimsikia mzee akifanya kazi baada ya Kontrakta kuondoka."

"Alisikia mwiko, Koplo. Twende."

Chumba cha mgonjwa kilikuwa kidogo, safi, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Mama alilala chali, shuka imevutwa hadi kifuani, mkono mmoja tu ndio uliokuwa ukimtii. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Mwenye kikombe cha pili alikuwa amezikwa Jumapili.

"Karibu mwanangu. Umekuja tena."

"Nimekuja tena, mama. Samahani, nakuchosha."

"Kuchoka nichoke na nini? Keti."

Inspekta aliketi ukingoni mwa kitanda. "Niambie tena Ijumaa. Polepole, hata kama umeshasema."

"Asubuhi mtoto alikuja, wakaingia sebuleni na baba yake, wakafunga mlango. Niliwasikia wanapandishiana, lakini hao ndio walivyo, hata kwenye harusi wangebishana. Kikadondoka kitu, puu! Nikaita, kuna nini huko? Mtoto akanijibu, ndoo imeanguka, mama. Baada ya hapo kimya. Wamepatana, nikasema moyoni. Halafu akaniaga kutoka ukumbini, mama mimi nakwenda dukani kwa vifaa. Nikamwambia nenda salama."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Mlango wangu hauoni ukumbi, si unaona mwenyewe. Basi akaondoka, na mzee akaendelea na kazi yake."

"Ulisikia nini hasa?"

"Mwiko. Kwanza kuchota, halafu kulainisha, ile sauti laini, shaa, shaa. Tena nilishangaa. Nikajiuliza, leo mbona analainisha mapema? Maana yule wangu siku ya kwanza halainishi."

"Ukajuaje kwamba ni yeye?"

"Eh, nisimjue mume wangu? Nilimwuliza kama anataka chai. Yeye akiwa kazini anafunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, hasemi. Anagonga ndoo kwa mpini wa mwiko. Akigonga mara moja, hataki. Mara mbili, anakuja kuimimina. Akagonga mara moja."

"Mama, ugongaji huo anaujua nani?"

"Nani mwingine? Mimi na yeye. Na mtoto, kakulia kwenye—"

Hakumaliza. Inspekta aliuona mkono ule mmoja mzima ukiikamata shuka na kuikunja.

"Nyuma ya mlango wa sebule kulikuwa na shimo," alisema. "Limezibwa siku hiyo. Ndani tumekuta nywele za mzee. Ile puu uliyoisikia haikuwa ndoo."

Mama alitazama dari kwa muda. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, na hakuwa na namna ya kuyafuta. Inspekta aliyafuta kwa kiganja.

"Yule fundi mliyemkamata," mama alisema mwishowe. "Atanyongwa?"

"Saa nane anasomewa shtaka. Kinachomfunga zaidi ni maneno yako, kwamba mzee alikuwa hai baada ya mtoto kuondoka."

"Na nikisema sivyo?"

"Anarudi kwao."

"Na mimi nabaki na nani?"

Nje sululu ziliendelea kugonga.

"Niitie mwanangu," mama alisema.

Kontrakta aliingia akiwa na kofia yake ngumu, na udongo kwenye viatu, na Koplo nyuma yake. Aliona sura ya Inspekta, akaona ya mama yake, akaivua ile kofia bila kuambiwa.

"Mama, unaumwa?"

"Ijumaa nilipomwuliza baba yako kama anataka chai, nani alinijibu?"

Mtu mzima yule alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi.

"Mama, kwani..."

"Nakuuliza mara moja tu. Baba yako alikuwa amelala pale chini, na mimi namwuliza kama anataka chai. Nani aligonga ile ndoo?"

"Nilimsukuma tu!" Ilimtoka kama mtu aliyetapika. "Mama, nilimsukuma tu, mara moja! Alisema atanishtaki, mimi mwanawe, atanibomolea jengo kwa ajili ya nyufa! Nilidhani ukuta ni mzima. Nilidhani atakasirika, basi. Alikuwa ameshakata roho kabla sijamshika. Nikakuaga ili ujue nimeondoka. Halafu nikarudi kuliziba, wewe ukaita, nikaogopa ungemtaka aje..."

"Ukanijibu."

"Mama."

"Nikashukuru Mungu kwamba nimejibiwa. Nikalala usingizi, mimi." Aligeuza macho yake akamtafuta Inspekta. "Andika, mwanangu. Andika kwamba mtoto wangu hakuondoka. Sauti niliyoisikia ilikuwa yake. Yule kijana wa watu mfungulie aende."

Koplo alishatoa pingu. Kontrakta alinyoosha mikono mwenyewe, analia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa, kamasi zinamtoka.

"Ngoja," mama alisema.

Wote wakangoja.

"Huyu ndiye anayenigeuza. Mzee alipokufa hakuna mwingine. Tangu alfajiri nimelalia mgongo, na nyinyi hamjui unauma wapi. Anigeuze kwanza, ndipo mmchukue."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa. Kontrakta alipangusa mikono kwenye suruali, akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya mabega ya mama yake na mwingine chini ya nyonga, akamwinua kidogo, taratibu, kama alivyozoea, ili amwegemeze upande wa mlangoni ambako hulala akiwaona wanaoingia.

"Siyo huku," mama alisema. "Upande wa ukutani."